Mbwa wa Kulala Ndani

Jumatatu, 2 Oktoba 1950

Leo mume wangu ameleta mavi nyumbani kwangu, akayapa jina. Jina lenyewe ni Bijou.

Ni mbwa mtoto, dume, mweupe mwenye madoa ya kahawia, masikio yameanguka na tumbo limevimba kwa minyoo. Bwana Jacques, mzungu aliye mkubwa wa mume wangu Zéphirin pale ghala la mtoni, ana mbwa jike aliyezaa chini ya baraza yake, na leo amempa Zéphirin mtoto mmoja mbele ya makarani wote. Amemwambia kwamba anayeomba karte ya serikali aishi kama watu walioendelea, na watu walioendelea mbwa wao analala ndani. Siyo kama mbwa wa kwetu wa kuwinda, mwenye kengele ya mti shingoni, anayelala jikoni kwenye majivu na kula anachookota. Ndani. Juu ya sakafu yangu ya saruji nyekundu, ninayoipaka nta kila Jumamosi mpaka magoti yanalia.

Kabla jua halijazama alikuwa amekojoa chini ya meza, karibu na kabati, na juu ya mkeka wa mtoto. Hélène wetu ameanza kutambaa wiki hii hii. Mama yangu, aliyekuja kutoka Lokandu kunisaidia kumlea, alimnyakua mtoto akaingia naye chumba cha nyuma na kufunga mlango. Mama ni Mwislamu. Mimi nilibatizwa nilipoolewa, nikawa Scholastique, lakini kwake bado ni Salima.

"Salima," akasema nyuma ya mlango, "umwambie mukwe wangu, mimi naheshimu nyumba yake. Lakini ile kintu ikinigusa na pua yake ya mayi, nguo yangu haifai tena kwa sala. Njo vile."

Mkwe wake alikuwa amesimama papo hapo, amesikia kila neno. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso, kwa hiyo nilimgeukia nikayarudia yote, naye akanipa jibu la kumpelekea Mama.

"Umwambie Mama, tume ya karte itakuja mbele ya Noeli, na Bwana Jacques atakuja nayo. Akikosa kuona imbwa ndani ya nyumba, atasema nilimudanganya."

Daftari hili alinipa sista wa foyer, shule ya wake wa makarani, tuandike kila siku kazi za nyumba. Sitamwonyesha.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua. Mavi chini ya meza, laini, yana minyoo hai ndani yake. Sikula mchana.

Alhamisi, 5 Oktoba

Germaine, jirani yetu, ameniuliza kwa nini simtupi tu huyo mbwa. Sababu iko mgongoni kwa Zéphirin.

Mwaka jana mvua iliingia ghalani ikalowesha magunia ya mchele. Mlango uliachwa wazi na mzungu kijana mwenye ufunguo, na kila mtu pale mtoni alijua. Aliyelazwa chini uani, kifua kwenye changarawe, ni Zéphirin. Walimpiga fimbo mbele ya wapagazi ambao yeye ndiye huwaita majina kila asubuhi. Alirudi nyumbani amevaa koti kwenye joto lile ili nisione shati. Nilimpaka mafuta ya mawese wiki nzima na hakusema kitu, isipokuwa siku moja, amelala kifudifudi: "Mwenye karte hawamulalishe chini."

Karte ni karatasi tu, inasema kwamba fulani ameendelea. Lakini mwenye nayo hapigwi fimbo. Wanakuja nyumbani, wanaangalia kitanda, choo, uma na visu, wanamwuliza mke maswali, kisha wanaamua. Basi nasugua mkojo.

Mama naye anasugua, kwa namna yake. Anasema sakafu iliyoguswa na mbwa huyu ni najisi na haoshi nguo za mjukuu wake juu ya najisi. Kila Bijou anapochafua, mimi naondoa kwa tambara, kisha Mama anakuja na maji, mara saba, na mwishoni kabisa anapaka udongo. Siyo udongo wowote. Anautoa kwenye kichuguu nyuma ya shule, anauanika juu ya bati chini ya upenu hadi ukauke na kuwa unga. Anausugua kwa mkono, anauacha ukae. Saruji yangu nyekundu sasa ina viraka vya kijivu. Inanuka mbwa, inanuka mvua, inanuka kichuguu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Zéphirin amekuja na mafundisho ya ofisini. Bwana Jacques amemwambia hivi, na Zéphirin ananisimulia kwa sauti ileile ya mzungu: "Weye kamata pua yake, weka ndani ya mavi, piga na gazeti."

Basi akafanya. Mume wangu, karani, mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni, akapiga magoti akamsukuma mbwa pua ndani ya mavi yake mwenyewe, akampiga kwa gazeti lililokunjwa. Mbwa alilia kama mtoto. Halafu akajikung'uta kichwa, na yaliyokuwa puani yakaruka kwenye ukuta, kwenye suruali ya Zéphirin, na tone moja kwenye mdomo wangu.

Nilitapika uani. Germaine aliuliza kama nina mimba nyingine.

Jumapili, 15 Oktoba

Zéphirin alivaa viatu vya kwenda misa. Cha kulia kilikuwa salama.

Jumatano, 18 Oktoba

Sasa namwelewa kidogo huyu mnyama, na ninavyomwelewa ndivyo ninavyozidi kuchukia. Hajajifunza kwamba ndani si mahali pa kunya. Amejifunza kwamba Zéphirin hapendi kumwona akinya. Kwa hiyo anajificha: nyuma ya sanduku la nguo, chini ya kitanda chetu, kwenye kona ya chumba ambako mguu wangu hupita asubuhi kabla macho hayajafunguka vizuri.

Nimemwambia Zéphirin aache gazeti.

"Bwana Jacques iko na imbwa tangu utoto," akasema.

"Basi Bwana Jacques akuje kufuta."

Jioni nilimwona anajikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango, pale anapojikuna siku zote mvua ikikaribia, nikamwekea chakula bila maneno.

Jumanne, 24 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimemtoa Bijou nje. Alisimama kwenye tope, mguu mmoja juu, akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. Tulingoja. Nililowa mpaka nguo ya ndani. Nikamrudisha, na kabla sijafunga mlango alikwenda moja kwa moja karibu na kabati, kwenye kiraka cha Mama, akazunguka, akanusa, akachuchumaa.

Alhamisi, 26 Oktoba

Naandika haya mikono yangu bado inanuka, hata baada ya sabuni na ndimu.

Asubuhi Mama alikuwa anaosha kunde, mimi natandika kitanda. Hélène alikuwa mkekani. Nikasikia anacheka peke yake, kicheko cha mtoto aliyepata kitu. Nilipotoka alikuwa amekaa karibu na kabati, mkono mmoja umeshika ukingo wa kabati na mwingine umejaa mavi. Yalikuwa yanatoka kati ya vidole. Mdomoni pia yalikuwepo. Aliponiona alininyooshea nionje.

Sijui nilipiga kelele gani. Mama alikuja akaingiza kidole chake mdomoni kwa mtoto, akakwangua, akamwosha kinywa kwa maji ya chumvi, huku akisema maneno ya dini yake na maneno mengine ambayo si ya dini yoyote. Mimi nilimkamata Bijou ngozi ya shingo nikatoka naye. Sikuvaa viatu. Sikufunga kilemba. Nilikuwa nakwenda kumrudisha kwa mwenyewe, na kama mwenyewe hamtaki, mto haukuwa mbali.

Nyumbani kwa Bwana Jacques hapakuwa na mtu, ila mpishi wake aliyekuwa anachambua mchele kwenye ngazi za nyuma, naye aliponiona nilivyo akaniacha nipite. Nikamweka mbwa chini. Nilitaka kumwacha hapo hapo, nigeuke, niende. Lakini Bijou hakunifuata wala hakulia. Alinyanyua pua, akapita kati ya nguzo, akaingia chini ya baraza alikozaliwa. Niliinama nikaangalia. Baraza ile imeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake mvua haifiki hata siku moja. Kuna udongo mkavu, laini kama unga. Mama yake alikuwa amelala upande mmoja na wale ndugu zake waliobaki. Upande wa pili, kwenye udongo uleule, ndiko walikokuwa wananya wote. Bijou alikwenda upande ule wa pili, akazunguka, akanusa, akachuchumaa. Safi kabisa, bila kuonyeshwa.

Nilikaa pale kwenye nyasi zenye maji na akili yangu ikafunguka vibaya. Udongo mkavu, chini ya paa. Hiki ndicho alichonyonya pamoja na maziwa. Uani kwetu ni tope tu tangu Septemba, na ninapofagia panabaki pagumu kama saruji. Katika mji wote wa Kindu, msimu huu wa mvua, mahali pengine pa udongo mkavu chini ya paa anapopajua mbwa huyu ni pamoja tu: nyumbani kwangu, karibu na kabati, mahali Mama anapouweka mwenyewe, kwa mkono wake, kila akitakasa.

Tunamsugulia choo. Kila tunaposafisha tunamtengenezea kipya.

Nilirudi naye mkononi. Mama alikuwa mlangoni kwake, mtoto mgongoni. Nilipaswa kunywa maji kwanza, nikae, nichague maneno. Sikuchagua.

"Mama, ule udongo wako njo unamwita. Uache kuweka udongo."

Alikaza kitenge cha mtoto mgongoni. Halafu akasema polepole, "Ulibatizwa, sikusema kintu. Unakula na uma, sikusema kintu. Sasa unaniambia niache kutakasa pahali ninapoweka kichwa changu chini, sababu ya imbwa?"

"Siyo sababu ya imbwa. Sababu ya karte."

"Karte." Alilisema neno lile kana kwamba limo mavini. "Sasa niambie, mutoto alikula nini leo? Alikula karte?"

Aliingia ndani. Nilimsikia anafunga kitenge chake cha safari na mikeka yake miwili. Zéphirin aliporudi alinikuta nalia jikoni na Bijou amelala miguuni kwangu, ameshiba, ana amani.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mama ametoka na mzigo wake asubuhi bila kuniaga. Nilidhani amekwenda kutafuta mtumbwi wa Lokandu.

Alirudi baada ya sala ya mchana, mzigo kichwani, uso umekazwa. Aliweka mzigo chumbani, akachukua ndoo, akaniita kwa kidole.

"Angalia. Udongo njo wa kwanza. Kisha mayi, tena mayi, mpaka saba. Mayi njo inamaliza, siyo udongo. Kwa nini weye unaacha mutu wa miaka yangu aoshe kinyume?"

"Mama, ni wewe uliyekuwa…"

"Bibi yako alituonyesha udongo mwisho. Hakukuwa na sakafu ya simenti, maskini. Mwalimu wa musikiti amecheka mpaka ametoa machozi." Aliinua ndoo. "Mbele ya wanafunzi wake."

Basi tulisugua pamoja, udongo kwanza, kisha maji juu ya maji, na kila ndoo chafu Mama aliitoa nje akaimwaga kwenye kona ya mpapai. Saruji ilibaki nyekundu na haikunuka kitu. Sijawahi kuona mtu anayesugua kwa hasira ya namna ile.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimemwomba Zéphirin ajenge paa kwenye kona ya mpapai. Vijiti vinne na majani, na chini yake udongo mkavu wa kichuguu.

"Choo cha imbwa?" akasema. "Watu watasema nini?"

Nikamwambia watasema imbwa wake ameendelea. Alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita, akavua shati akajenga. Alipovua shati Mama aliingia ndani haraka, kwa heshima ya mkwe, lakini nafikiri pia hakutaka kuangalia.

Jumatatu, 13 Novemba

Kazi yangu sasa ni hii, na sista wa foyer hakuwahi kuifundisha. Mbwa akiamka, natoka naye. Akila, natoka naye. Akicheza halafu akasimama ghafla na kuanza kunusa chini, naacha chungu kiungue natoka naye. Akianza ndani, napiga makofi: "Apana! Kule!" na kumwonyesha paa lake. Akifanya kule, namsifu kama vile amezaa, na kumpa kichwa cha samaki. Mvua ikinyesha namfunika kwa mwavuli wa Zéphirin, ule mweusi wa kwendea ofisini, mimi nikiwa nje ya mwavuli.

Nasimama nayasubiri. Nayaangalia yanapotoka, kama ni magumu, kama yana minyoo. Nimekuwa mtu anayefurahia mavi kwa sababu yametokea mahali pake. Nikikumbuka nilivyokuwa msichana najionea kichefuchefu.

Germaine ameleta wageni waje kuangalia juu ya ua. "Scholastique! Imbwa yako iko na choo, mimi sina! Nikuje?"

Nimemwambia aje, lakini kichwa cha samaki asitarajie.

Jumatano, 22 Novemba

Wiki nzima safi. Mara moja tu kwenye mvua kubwa, na hata hapo ni kosa langu, nilichelewa kufungua.

Ijumaa, 1 Desemba

Leo Bijou alikwenda mwenyewe mlangoni, akakwaruza mbao kwa kucha, akaniangalia. Nilifungua. Akakimbia kwenye mvua hadi kwenye paa lake, akamaliza, akarudi. Mama aliona yote. Amesema, "Kuna watu wanashindwa na ile imbwa." Bado hamgusi, lakini amemwita kwa jina.

Zéphirin naye nimemwona akimkuna nyuma ya sikio alipodhani siko. Tume inakuja Alhamisi ya tarehe kumi na nne.

Alhamisi, 14 Desemba

Walikuja watatu: Bwana Jacques, karani wao, na mzungu mnene mwenye miwani ambaye jina lake hatukuambiwa, ila ndiye aliyekuwa mwenye kuamua. Nyumba ilikuwa inang'aa. Zéphirin alikuwa amenunua bia na kukodi viti viwili vyenye mikono.

Mzungu mnene alifunua shuka zetu kuona godoro. Alifungua kabati akagusa uma. Aliniuliza kama nakula meza moja na mume wangu, nikasema ndiyo. Alikwenda hadi choo chetu, akafungua mlango, akainama, akanusa, akasema vizuri sana, wengi wanashindwa hapo. Mama alikuwa amekaa chumba cha nyuma na Hélène na hakuulizwa kitu.

Wakiwa wanakunywa, Bijou akaenda mlangoni akakwaruza. Nikafungua, akaenda zake kwenye paa lake, wote wakimwangalia dirishani, akafanya kazi yake na kukaa pale chini kulinda, kama anavyopenda. Bwana Jacques alipiga makofi. "Unaona? Nilimufundisha huyu, na huyu amefundisha imbwa." Zéphirin alitabasamu. Nilijua karte tumeipata. Niliisikia mwilini.

Nikaenda jikoni kuchukua kahawa. Bia ilikuwa ya pili au ya tatu. Natoka na sinia, na kwenye ukuta wa jiko, pale Mama anapoweka birika lake la kutawadha, nikaona mgongo mpana, miguu imepanuliwa, na kusikia ile sauti. Mzungu mnene alikuwa anakojolea ukuta wa jiko langu. Choo alichokisifu kilikuwa hatua chache tu mbele yake, mlango bado wazi. Mkojo ulikuwa unateremka ukutani, unaingia chini ya birika.

Sikufikiri. Wallahi sikufikiri, mkono wangu na mdomo wangu vilikuwa vimezoea tangu Novemba. Sinia lilianguka, nikapiga makofi kwa nguvu.

"Apana! Kule!"

Na nikamwonyesha paa la Bijou.

Aligeuka kabla hajamaliza. Suruali yake ya khaki ilipata, na kiatu kilipata. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Bwana Jacques alikuwa ametokea mlangoni, karani nyuma yake, na Zéphirin nyuma ya karani. Nilimwona Zéphirin anaangalia ukuta, anaangalia suruali, ananiangalia mimi. Halafu akaangalia chini, kwenye changarawe ya ua wetu.

"Ile imbwa!" akasema kwa sauti kubwa. "Pardon, Bwana. Madame anagombeza imbwa. Inakojoa kila pahali, ile imbwa!"

Akapita katikati yao, gazeti mkononi. Bijou alikuwa amekaa chini ya paa lake, mkia unapiga udongo, anangoja kichwa chake cha samaki. Zéphirin alimkamata ngozi ya shingo akamburuta hadi ukutani, akamsukuma pua kwenye mkojo wa mzungu, akampiga. Gazeti lilipasuka na aliendelea kumpiga na vipande, kisha kwa mkono. Bijou hakulia kama mara ya kwanza. Alijibana chini na kufumba macho.

Mzungu mnene alifunga vifungo vyake. "Njo vile," akasema. "Imbwa bila fimbo haijue kintu."

Bwana Jacques alicheka kidogo, akaangalia saa. Waliondoka wakituaga kwa mkono, mmoja mmoja, na mkono wa yule mnene ulikuwa na unyevu.

Walipopinda kona Mama alitoka. Kumbe alikuwa ameona yote kwa dirisha lake dogo. Alilichukua birika kwa ncha za vidole akalitupa nje ya ua kabisa. Halafu akaleta udongo wa kichuguu na ndoo, akasimama mbele ya ule ukuta.

"Salima," akasema, "kwa imbwa najua mara ngapi. Huyu ni mara ngapi?"

Sikuweza kucheka. Tukamwaga maji mpaka pipa likaisha.

Zéphirin nilimkuta chumbani, amepiga magoti kando ya kitanda, shati lake jeupe bado limefungwa hadi shingoni. Bijou alikuwa amejificha chini ya kitanda, mbali, ukutani, na mkojo ulikuwa umetiririka hadi magotini kwa Zéphirin. Hakuondoka. Alikuwa anafuta kwa mkono na tambara, mara ya kwanza tangu mbwa huyu aingie nyumba hii.

"Alikuwa kule," akasema. "Alikuwa pahali pake. Nilimuona."

Nilitaka kumwambia hakuwa na njia. Nilitaka pia kumtemea mate. Nilimletea ndoo ya pili.

Ijumaa, 15 Desemba

Bijou hatoki chini ya kitanda. Ananya huko. Zéphirin ndiye anayeondoa. Mimi sikumwomba.

Jumapili, 24 Desemba

Mkesha wa Noeli. Mvua imenyesha wakati wa misa. Bijou ametoka hadi mlangoni, na alipomwona Zéphirin uani amerudi ndani. Kwangu anakuja. Kwa Mama pia anakuja, na leo pua yake ya maji imemgusa nguo. Mama ameangalia ile nguo kwa muda, halafu amekwenda kuifua, udongo kwanza.

Jumamosi, 20 Januari 1951

Karte imefika.

Bwana Jacques aliitoa mbele ya makarani wote, kama alivyomtoa mbwa. Zéphirin aliileta nyumbani imefungwa ndani ya leso. Germaine alikuja kuiona, na mume wake, na watu wa ng'ambo ya barabara. Ina picha yake na muhuri. Mama aliniambia nimwambie mkwe wake kwamba anamshukuru Mungu kwa mgongo wake. Nilimwambia. Zéphirin aliinama, akashindwa kunipa jibu la kupeleka.

Watu walipoondoka nilipika kuku. Bijou alikuwa amekaa karibu na kabati, sakafuni, pakavu na safi, amefika karibu na meza kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Zéphirin aliiweka karte juu ya meza, akavuta kiti, akakaa kama mtu ambaye hakuna atakayemlaza chini tena. Akanyoosha mkono akachukua gazeti lake ili asome.

Bijou akaliona gazeti. Hakukimbia. Alijilaza chini pale pale, tumbo kwenye saruji, akafumba macho, na mkojo ukaanza kumtoka taratibu, ukafuata sakafu hadi kwenye kiatu cha Zéphirin.

Zéphirin hakuusogeza mguu. Aliliweka gazeti juu ya karte, akainuka, akaenda nyuma kwa Mama. Alisimama mbele ya mlango wake, na bila kunipitia mimi, kwa mdomo wake mwenyewe, akamwomba udongo.